Baiskeli ya kukodi inakusumbua ukiwa katikati ya bustani? Anza na dalili

Ukikodi baiskeli uzunguke bustani kubwa ya jiji alafu mambo yakaanza kwenda ndivyo sivyo, swali la kwanza ni moja tu: hii ni shida ya kuseti au ni ubovu wa baiskeli? Ya kuseti, kama siti iko chini au gia unaitumia vibaya, unaimaliza mwenyewe pale pale. Ubovu, kama breki haishiki au pedali inacheza, huo sio wako kabisa, umelipia kitu kinachotembea kwa hiyo irudishe upewe nyingine. Tatizo ni kwamba watu wanaona aibu kurudi, wanajiambia ah ntavumilia tu, alafu wanavumilia saa mbili nzima juu ya kitu ambacho fundi wa pale angekibadilisha kabla hata hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo kabla sijaingia kwenye dalili zenyewe: ukishapewa baiskeli usikimbilie njia kubwa. Zunguka kidogo hapo hapo karibu na kibanda cha kukodi au stendi ya baiskeli, bonyeza breki zote mbili ukiwa mwendo mdogo, badilisha gia zote kwenda na kurudi, simama kidogo kwenye pedali uone kama kitu kinaruka. Minya tairi zote mbili kwa dole gumba. Piga picha baiskeli pande zote pamoja na mikwaruzo iliyopo tayari, manake mikwaruzo ya mtu wa jana inaweza kugeuka yako ukirudi. Haya sasa.

Unakanyaga sana lakini haiendi

Hii ndo lalamiko namba moja na mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni mwendeshaji mwenyewe, eti hana mazoezi. Kabla hujajilaumu angalia upepo. Tairi lenye upepo kidogo linajitandaza chini, linashika lami eneo kubwa zaidi na mpira wake unajikunja kila linapozunguka, hiyo nguvu yote inatoka miguuni kwako. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango chake cha upepo, kwa vipimo vya PSI au bar (bar 1 ni kama PSI 14.5 hivi), sasa wewe huna geji lakini dole gumba linatosha: ukiminya na likabonyea kirahisi basi rudi uombe pampu. Tairi nene kawaida linahitaji upepo mdogo kuliko tairi jembamba kwa hiyo usishangae likiwa laini kidogo kuliko la mwenzako mwenye tairi nyembamba, shida ni pale ukikaa juu yake unaliona limebonyea mpaka rimu inakaribia chini.

Upepo uko sawa? Basi nyanyua gurudumu moja moja ulizungushe kwa mkono. Linatakiwa lizunguke raundi kadhaa lenyewe na kusimama polepole. Likisimama ghafla au ukasikia shwii shwii basi breki inakwaruza. Kwa breki za raba zinazobana rimu angalia kama raba moja imekaa karibu kuliko nyingine, wakati mwingine ukibonyeza breki mara mbili tatu kwa nguvu zinajirudi zenyewe katikati. Wakati mwingine gurudumu lenyewe ndo limekaa upande, limefungwa vibaya kwenye fremu, na hapo kama lina ile mikono ya kufungulia bila spana usijaribu kulichezea kama hujawahi, manake gurudumu la mbele likifungwa nusu nusu linaweza kuchomoka ukiwa kwenye mwendo. Mrudishie mwenyewe. Kwa breki za diski kale kamlio kepesi ka kukwaruza sio ugonjwa kama gurudumu bado linazunguka vizuri, ila likiwa linagoma kila raundi sehemu ile ile basi diski imepinda.

Rimu nayo inaweza kuwa imepinda. Iangalie ukiwa umesimama mbele ya gurudumu huku linazunguka, ikiwa inayumba kushoto kulia mpaka inagusa raba basi hiyo hutaimaliza wewe, ni kazi ya fundi kukaza spoku.

Sababu ya tatu watu hawaifikirii: uko kwenye gia nzito. Aliyeirudisha baiskeli kabla yako alikuwa anashuka mlima akaiacha kwenye gia ya mwisho, wewe ukaondoka nayo hivyo hivyo. Na ya nne ni siti iliyo chini mno, ambayo ntaieleza kwenye maumivu manake ndo mzizi wa mengi. Ukishapita hizo zote na bado nzito basi kubali tu, baiskeli nyingi za kukodi zimejengwa nzito makusudi, chuma kinene, tairi nene, kikapu, madigadi, ili zivumilie watu mia tofauti. Za kuchukua kwenye stendi za mitaani zinaweza kufika kilo 20. Hapo dawa ni kushusha matarajio sio kuongeza hasira.

Breki

Hapa sina utani. Breki ikiwa na walakini usiondoke nayo hata kama kibanda kina foleni ndefu.

Kwanza jua mkono upi ni wa gurudumu lipi. Hii inawachanganya hata waendeshaji wazuri wakisafiri manake nchi zinatofautiana: Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya mkono wa kushoto ndo breki ya mbele, Uingereza na Japani breki ya mbele iko mkono wa kulia. Sasa we umezoea kubana kwa nguvu mkono fulani ukijua ni wa nyuma, unafika bustani ya nchi nyingine unabana ule ule kwa nguvu ile ile na gurudumu la mbele linasimama, wewe unaendelea. Jaribu ukiwa umesimama: bana mmoja, sukuma baiskeli mbele, ona gurudumu lipi limegoma.

Alafu kuna baiskeli haina mikono ya breki kabisa, au ina mmoja tu. Usiseme imeibiwa breki. Hiyo unasimamisha kwa kukanyaga pedali kurudi nyuma, breki iko ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Wageni wake wanashtuka mara mbili, kwanza wakitafuta breki hawaioni, pili wakitaka kuzungusha pedali nyuma ili waiweke sawa kabla ya kuondoka inagoma. Namna yake ni kunyanyua gurudumu la nyuma kidogo, unasogeza pedali mbele mpaka ikae unapotaka. Na jambo la kujua kuhusu hii aina: breki yake inapita kwenye cheni. Cheni ikitoka hamna breki. Kama hiyo ndo breki pekee na unaona cheni imelegea inaning'inia, usipande nayo mlima ambao utatakiwa kuushuka.

Dalili zenyewe sasa. Ukibana mkono unafika mpaka kwenye usukani na baiskeli bado inatembea: waya umelegea au raba zimeisha, au kwa breki za rimu kuna kile kimkono kidogo cha kufungulia breki ili gurudumu litoke na mtu amekisahau wazi. Hicho ukikiona wazi ukifunga breki inarudi hapo hapo, ni kitu cha kutazama kwanza kabla ya kuita fundi. Kama sio hicho, pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki kuna kanati kadogo ka kuzungusha kwa vidole, ukikazungusha kutoka nje waya unakaza. Raundi mbili tatu zinatosha, zikihitajika zaidi ya hapo raba zimekwisha.

Inashika lakini inapiga kelele ya kukereketa: kama ni kelele ya chuma kwa chuma simama, raba zimeisha na sasa chuma kinakula rimu. Kama ni mlio mwembamba tu na umetoka kupita kwenye maji, hiyo ni unyevu na itaisha ukibana bana kidogo. Rimu ikilowa breki za raba zinachelewa kushika, kwa hiyo mvua ikinyesha anza kubana mapema na kwa kupima, usisubiri ufike kwenye kona.

Na inashika ghafla mpaka nyuma inanyanyuka? Hiyo baiskeli haina shida, ni wewe umetumia ya mbele peke yake. Ya mbele ndo yenye nguvu zaidi kwa sababu ukisimama uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo tumia zote mbili pamoja na kwenye mteremko sogeza makalio nyuma kidogo.

Gia zinaruka, cheni inatoka

Kuna aina mbili za gia na zinataka tabia tofauti kabisa, ukiwa hujui unatumia ipi utailaumu bure. Ukiona cheni inahama kutoka meno madogo kwenda makubwa kule nyuma, hizo za nje, zinahitaji ubadilishe huku pedali zinazunguka, ila kwa kukanyaga kwa upole. Usibadilishe ukiwa umesimama alafu ukakanyaga kwa nguvu, ndo inalia kra kra kra na cheni inaruka. Ukiona nyuma kuna meno ya duara moja tu na kitovu kinene, gia ziko ndani, mara nyingi 3 au 7 au 8, na hizi unazibadilisha ukiwa umeacha kukanyaga kidogo, au hata umesimama kabisa kwenye taa. Watu wanakanyaga kwa nguvu huku wanageuza mkono na gia inagoma mpaka wanafika juu ya mlima ndo inaingia, wakati haihitajiki tena.

Gia inaruka yenyewe bila kuguswa, hasa ukiweka nguvu: kwa za nje waya umepoteza kipimo. Kwenye mkono wa gia au pale nyuma kuna kanati kama kale ka breki, zungusha nusu raundi nusu raundi ujaribu. Zile skrubu mbili ndogo kwenye mashine ya nyuma, ile inayohamisha cheni, usizishike, hizo zinaweka mipaka na ukizikosea cheni inaingia kwenye spoku. Na ukisikia kwenye gia nyepesi kabisa kitu kinagonga spoku tik tik tik, mashine ya nyuma imepinda kidogo, baiskeli ilishaangushwa upande huo, basi iache hiyo gia moja usiitumie kabisa mpaka urudi. Kwa gia za ndani ikiwa inateleza ghafla unakuta mguu umekanyaga hewa, usisimame kwenye pedali hata kidogo, kaa chini, chagua gia inayoshika vizuri uende nayo hiyo hiyo mpaka kwenye kibanda.

Cheni ikitoka usihangaike kuivuta kwa nguvu. Kwa za nje sukuma ule mkono wenye vigurudumu viwili vidogo kule nyuma uende mbele, cheni inalegea, ivishe kwenye meno ya juu ya duara la mbele, nyanyua gurudumu la nyuma na uzungushe pedali kwa mkono kwenda mbele polepole, inapanda yenyewe. Shika cheni kwa jani pana au karatasi, ile grisi nyeusi haitoki kwa maji peke yake na hutaki kuigusa alafu ukashika suruali. Ikitoka mara moja ukipita kwenye bonde ni bahati mbaya, ikitoka tena kabla hujafika mbali basi imelegea au meno yamekwisha, rudi. Kama cheni imefunikwa kabisa na kava la plastiki usianze kubomoa kava, kuna uwezekano mkubwa utavunja vile vibanio na utavilipia.

Kelele kila unapokanyaga

Sikiliza mara ngapi. Kelele inayokuja mara moja kila pedali inapomaliza raundi iko kwenye pedali au kwenye mkono wake. Kelele inayofuata mwendo wa gurudumu, yani inaendelea hata ukiacha kukanyaga, iko kwenye gurudumu, breki au madigadi. Kelele inayotokea ukijigeuza kwenye siti ni siti. Kwa kipimo hicho unapunguza mahali pa kutafuta.

Ya pedali ndo ya kuheshimu. Shika mkono wa pedali uutingishe kwenda ndani na nje, ukicheza kok kok shuka, usiendelee. Nati iliyolegea inakula chuma laini kidogo kidogo na baada ya muda mkono wote unadondoka, na pale kibandani watasema umeharibu wewe. Kama wamekupa spana au ukakutana na fundi, kumbuka pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Ukishindwa kukariri, zote mbili zinakazwa kwa kupeleka juu ya spana mbele ya baiskeli. Nimeona mtu mzima anaegemea spana kwa nguvu zake zote kuikaza pedali ya kushoto huku anaifungua, alafu anashangaa mbona inazidi kulegea.

Madigadi yanayogonga, kengele inayotetemeka, kikapu kinachopiga piga, hivyo achana navyo, ni kelele tu.

Mwili unauma

Hapa karibu kila mara jibu ni siti. Watu wanaiacha chini ili miguu yote ikanyage ardhi, wanajisikia salama, alafu baada ya nusu saa magoti kwa mbele yanawaka. Goti likiuma kwa mbele siti iko chini. Likiuma kwa nyuma, au ukiona kiuno kinacheza kushoto kulia kila unapokanyaga, iko juu. Kipimo rahisi: kaa juu ya siti ukiegemea ukuta au mti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kujivuta. Ukihamisha sasa uweke sehemu pana ya mbele ya unyayo kama unavyoendesha kawaida, goti litakuwa limekunjika kidogo. Hapo ndo pake. Ukisimama utagusa chini kwa ncha za vidole tu na hiyo ni sawa, kusimama unashuka kwenye siti mbele, hukai juu yake. Kwa anayejifunza au mwoga wa watu wengi acha chini kidogo kuliko hapo na uvumilie magoti.

Bomba la siti lina mstari umechorwa wa mwisho wa kulitoa, mstari ukionekana umezidisha, litavunjika. Kama lina namba pembeni kariri namba yako, baiskeli zinazofuata utaweka bila kupima.

Viganja vinakufa ganzi: unaegemea sana mbele, mara nyingi kwa sababu pua ya siti imeinama chini na wewe unateleza unajizuia kwa mikono. Iwe sawa na ardhi. Ganzi kule chini ni kinyume, pua imenyanyuka. Pia simama kwenye pedali kidogo kila baada ya dakika chache damu ipite. Shingo na mabega ni usukani kuwa mbali na baiskeli za kukodi haziruhusu sana kuurekebisha, kwa hiyo omba saizi ndogo ya fremu badala ya kuteseka. Ukisimama juu ya fremu miguu ikiwa chini na bomba la juu linakugusa, hiyo ni kubwa kwako, hakuna siti itakayoiokoa.

Usukani unacheza

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma. Ukihisi kitu kinagonga kok kwenye shingo ya usukani, beringi za pale zimelegea. Alafu simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kugeuza usukani. Ukigeuka wenyewe gurudumu likabaki, usipande. Hiyo rudisha bila mjadala.

Ukitetemeka tu ukiwa na mzigo mbele basi hamisha mzigo, begi zito ndani ya kikapu cha usukani linavuta kona zote. Mtoto naye akae kwenye kiti chake cha nyuma na sio kwenye keria tupu, viti vingi vya nyuma vina mwisho wa kilo 22.

Pancha

Usiendeshe juu ya tairi lisilo na upepo hata kama kibanda unakiona kwa mbali, rimu inakula tyubu na tairi na wewe unakatwa dipoziti. Shuka usukume, piga simu ya namba iliyo kwenye risiti au kwenye fremu, wengi watakuletea nyingine au watakwambia uiache wapi. Kama upepo umetoka polepole na una pampu, jaza uone, kuna pancha inakupa dakika 15 kila ukijaza na hiyo inatosha kurudi. Na ukiangalia tyubu ukakuta vitundu viwili vimekaa jirani, sio mwiba, ni wewe umepanda ukingo wa barabara kwa kasi tairi likiwa laini na rimu ikaiuma tyubu. Shuka kwenye kingo, au angalau nyanyuka kwenye siti.

Ya umeme haisaidii

Kabla ya kusema mbovu angalia kasi. Ulaya kwenye nchi za Umoja wa Ulaya msaada wa mota unakatika ukifika km 25 kwa saa, ndo sheria yao, Marekani nyingi zinakatika maili 20 ambayo ni km 32. Kwa hiyo ukiwa unashuka na mota ikanyamaza iko sahihi kabisa. Ikinyamaza ukiwa kwenye mlima na mwendo wa kutembea, hapo kuna kitu: betri haijakaa vizuri kwenye kiti chake (ichomoe uirudishe mpaka isikike klak), au imeisha, au uliiwasha huku mguu umebana pedali. Baadhi zina kipimo cha nguvu ya mguu kinachojipima wakati wa kuwasha, ukikibana kinachukua uzito wako kama sifuri na msaada unakuwa wa ajabu ajabu. Izime, toa miguu yote, iwashe upya.

Betri inaisha haraka kwa sababu uko kwenye msaada wa juu muda wote, unapanda milima, unapigana na upepo au kuna baridi. Ikishuka chini ya robo geuka nyumbani, manake baiskeli ya umeme bila umeme ni mzigo na mlima wa kurudia hautakuhurumia.

Watu wanakupigia kelele, au huoni pa kutokea

Hii sio ya fundi lakini inaharibu safari kuliko pancha. Bustani kubwa nyingi zina njia ya baiskeli ya upande mmoja. Central Park ya New York mzunguko mkubwa ni kama km 10 na unakwenda kinyume cha saa, njia ya ukuta wa bahari wa Stanley Park kule Vancouver, Kanada, nayo baiskeli ni kinyume cha saa. Ukiona kila mtu anakuja usoni kwako basi wewe ndo umekosea. Angalia mishale kwenye lami kabla ya watu. Njia nyembamba za kupinda zinazoingia kwenye miti mara nyingi ni za waenda kwa miguu tu, shuka usukume, na ukimpita mtu piga kengele mapema sio ukiwa mgongoni mwake, huyo atashtuka na kukuingilia.

Kupotea ni kawaida kwa sababu njia za bustani zimechorwa zipinde makusudi. Usitegemee simu peke yake, chini ya miti minene GPS inaruka na betri inakwisha. Piga picha ramani ya ubaoni pale getini. Central Park nguzo za taa zina namba, tarakimu za mwanzo zinakwambia uko usawa wa mtaa wa ngapi, na bustani nyingine nyingi zina vibao vya namba vya uokoaji ambavyo pia ni vizuri kumtajia mtu wa kibandani ukipata shida. Na muda: mwendo wa starehe ni km 12 mpaka 15 kwa saa lakini ukiweka kusimama, kupiga picha, kunywa maji, hesabu km 8 kwa saa uliyolipia. Uliza pia geti linafungwa saa ngapi, ukimaliza mzunguko upande wa pili baada ya giza unarudi kwa barabara ya magari.

Imerudishwa lakini hela inaendelea kukatwa

Za stendi za mitaani, zile unazofungua mwenyewe kwa programu ya simu, ndo zenye hili. Kuifungua: ukishaskani subiri mlio au taa ya kijani, alafu ivute nyuma kwa nguvu moja, sio kuitingisha, ukichelewa kufuli linarudi. Ikigoma, washa bluetooth ya simu, ikigoma tena ripoti hiyo baiskeli uchukue ya jirani, usilipie mara mbili kabla hujaona ya kwanza imefutwa. Pesa kubwa kidogo inayozuiwa kwenye kadi mwanzoni kawaida ni dhamana inayorudi, benki nyingine zinachukua siku kadhaa kuiachia, lakini itofautishe na malipo ya kweli kwenye taarifa yako.

Kuirudisha: isukume ndani kwa kishindo mpaka taa igeuke kijani, alafu ivute uone haitoki. Kijani pekee haitoshi, fungua programu uhakikishe safari imeandikwa imeisha na piga picha ya skrini pamoja na namba ya stendi. Stendi ikiwa imejaa usiiache imeegemea nguzo, mifumo mingi ina sehemu ya kuripoti stendi imejaa na unaongezewa dakika za kwenda ya pili. Zile zisizo na stendi, zinazofungwa kwa kufuli la gurudumu, programu inakataa kumaliza safari ukiwa chini ya miti kwa sababu haioni uko wapi, sogea pa wazi usubiri nusu dakika ujaribu tena.

Na kama umepanga kukaa muda mrefu jua kwamba nyingi ya hizi zinahesabu kwa safari fupi, dakika 30 au 45, zikipita bei inapanda kwa kila dakika. Kwa saa tatu za kuzunguka bustani hiyo sio baiskeli yako, chukua ya kibanda cha kukodi kwa saa au kwa siku. Ukilazimika na ya stendi, irudishe kabla muda haujaisha na uchukue nyingine baada ya dakika chache, kwenye mifumo inayoruhusu, na utakapoichukua hiyo nyingine rudia kuminya tairi na kubana breki upya manake ni baiskeli tofauti.